Muuguzi afundishwe kuosha vifaa vya upasuaji kabla ya kufundishwa kuvitakasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wasomaji wengi hawana sababu ya kulifikiria mpaka siku wanapolazwa juu ya meza ya upasuaji, na hata siku hiyo dawa ya usingizi huwa imekwisha kuwachukua kabla trei ya vifaa haijafunuliwa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, huu ukiwa mwaka wangu wa 23, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwetu kujifunza kazi. Ninalotaka kulisema ni moja: tunawafundisha wauguzi kuiamini mashine ya kutakasa vifaa kabla hatujawafundisha kuviosha, na mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, kwa sababu kifaa kisichosafishwa hakitakasiki, hata kikipikwa kwa mvuke kutwa nzima.

Kwanza niyatenganishe maneno matatu ambayo hata sisi wa fani huyachanganya tunapozungumza kwa haraka. Kusafisha ni kuondoa uchafu wenyewe, yaani damu, mafuta, usaha, vipande vya nyama na vya mfupa, kwa maji, sabuni na brashi. Kupukusa ni kuua sehemu kubwa ya vijidudu kwa dawa au kwa joto, lakini bila uhakika wa kuua spora, yaani yale maganda magumu ambamo bakteria kama wale wa pepopunda hujifungia na kustahimili hata maji yanayochemka. Kutakasa ni kuua vyote, spora zikiwemo. Mtaalamu wa Marekani Earle Spaulding ndiye aliyetuachia, katika miaka ya 1950 na 1960, mgawanyo unaofuatwa mpaka leo: kifaa kinachoingia mwilini mahali pasipo na vijidudu lazima kitakaswe, kinachogusa utando laini kama ule wa kinywa na koo kipukuswe kwa kiwango cha juu, na kinachogusa ngozi isiyo na jeraha hutosha kisafishwe au kipukuswe kwa kiwango cha chini. Katika ngazi zote tatu hatua ya kwanza ni ileile, nayo ni kusafisha. Hakuna ngazi inayoanza na mashine, wala inayoanza na dawa.

Nililijua hilo kwa maneno tangu chuoni. Kwa macho nililijua katika mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa ingeweza kuwa yoyote. Mgonjwa alikuwa amekwisha kulala, daktari amekwisha kunawa na kuvaa, nami nikafungua seti ya vifaa vya upasuaji wa mifupa. Utepe wa kiashiria juu ya kifurushi, ule unaogeuka rangi ukipitia kwenye mashine ya kutakasa, ulikuwa umegeuka kama inavyotakiwa, mistari yake myeusi kabisa. Ndani, katika bawaba ya koleo la kukatia mfupa, kulikuwa na kitu cha kahawia chenye ukubwa wa punje ya mtama. Daktari alikichokoa kwa ncha ya kibanio, akakitazama, akakiweka pembeni juu ya shashi. Kilikuwa kipande cha mfupa wa mgonjwa mwingine, kimekauka pamoja na damu yake. Seti yote ikaondolewa, meza ikavuliwa na kuandaliwa upya, na mgonjwa akaendelea kulala usingizi wa dawa bila sababu yoyote iliyomhusu, huku tukihangaika kutafuta seti nyingine. Jina lililoandikwa kwenye kile kifurushi lilikuwa langu. Niliiosha seti ile siku iliyotangulia kama nilivyomwona mwenzangu akiosha, naye alikuwa akiosha kama alivyomwona aliyemtangulia: makoleo yamefungwa, yamelundikwa katika ndoo ya klorini, yakasuguliwa kwa juu, yakasuuzwa mara moja na kupangwa.

Hakuna aliyekuwa mzembe katika mfuatano ule, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila mmoja wetu alifanya kwa uaminifu kile alichoonyeshwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimamishwa mbele ya sinki akaelezwa kwa nini.

Sababu yenyewe si ngumu kueleza. Mashine ya mvuke, ambayo wengi tunaiita otoklevu, ilibuniwa mwaka 1879 na Charles Chamberland, aliyekuwa akifanya kazi na Louis Pasteur, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo: mvuke uliobanwa kwa shinikizo hufikia joto lisiloweza kufikiwa na maji yanayochemka katika sufuria iliyo wazi, na unapogusa chuma kilicho baridi kuliko wenyewe hugeuka maji na kukiachia joto lake papo hapo. Neno la kushika hapo ni kugusa. Kwa nyuzijoto 121 za Selisiasi vifaa huhitaji dakika 15 hadi 30, kutegemea aina ya mashine na namna vilivyofungwa, na kwa nyuzijoto 134 dakika 3 au 4 hutosha katika mashine inayofyonza hewa kwanza. Lakini dakika hizo zilihesabiwa kwa ajili ya chuma kilicho wazi mbele ya mvuke, hazikuhesabiwa kwa ajili ya chuma kilichofunikwa na damu iliyokauka. Protini iliyomo katika damu ikipata joto huganda kama ute wa yai, hushikamana na chuma, na kuvifunika vijidudu vilivyomo ndani yake. Bakteria walioachwa kwenye unyevu kwa saa kadhaa nao hujijengea utando wao wenyewe, unaonata, ambao dawa hupita juu yake bila kuupenya.

Na hata pale joto linapofika, yanayobaki nyuma yana madhara yake. Sumu iliyomo katika kuta za baadhi ya bakteria haiharibiwi na joto la otoklevu, na mabaki ya sumu hiyo, au mabaki ya sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri, yanajulikana kusababisha uvimbe mkali ndani ya jicho saa 12 hadi 48 baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, wakati ambapo hakuna kijidudu hata kimoja kilicho hai kwenye kifaa. Kuna hata vitu ambavyo haviuliki kwa njia tulizozizoea. Mwaka 1977 iliripotiwa kutoka Zürich kwamba wagonjwa wawili walipata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob kutokana na nyaya zilizoingizwa katika ubongo wao, ambazo awali zilikuwa zimetumika kwa mgonjwa mwenye ugonjwa huo. Nyaya hizo zilikuwa zimesafishwa kwa alkoholi na kupukuswa kwa mvuke wa fomaldehidi. Kinachosababisha ugonjwa ule ni protini, wala si kiumbe hai, na alkoholi na fomaldehidi badala ya kuiondoa protini huigandisha mahali ilipo. Wenzangu wanaofuta kifaa kwa spiriti na kukihesabu kuwa kimekwisha kuwa safi nawasihi walikumbuke tukio hilo.

Kazi ya kusafisha, basi, huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani, nayo huanza mikononi mwa muuguzi aliyesimama mezani wakati upasuaji ungali unaendelea. Kila kifaa kinachorudishwa na daktari kinapaswa kufutwa kwa shashi iliyoloweshwa maji yaliyotakaswa, na vile vyenye tundu, kama mirija ya kufyonzea, vipitishiwe maji kwa bomba la sindano kabla damu haijakauka ndani. Nasema maji, si maji ya chumvi. Nimeona mara nyingi vifaa vikilowekwa katika bakuli la dripu ya chumvi kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na muuguzi hajaambiwa kwamba kloraidi iliyomo hula hata chuma kisichoshika kutu na kukiachia vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo baadaye huficha uchafu na kuanzisha ufa. Upasuaji ukiisha, vifaa vifunguliwe, vinavyotenganishika vitenganishwe, vifunikwe kwa taulo lenye unyevu au vinyunyiziwe dawa ya povu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na vipelekwe kuoshwa ndani ya chombo kigumu chenye mfuniko. Visu na sindano hutolewa kwanza, kwa kibanio na si kwa vidole, na hutupwa katika sanduku lake hapohapo, kwa sababu anayeosha hapaswi kukutana ndani ya maji machafu na ncha asiyoitarajia.

Hapo nafika kwenye ile ndoo ya klorini, na naomba wenzangu waliofundishwa zamani wanisikilize kwa subira, maana najua nagusa mazoea ya miaka mingi. Tulifundishwa, na miongozo ya wakati ule ilituambia, kwamba kifaa kikitoka kwa mgonjwa kilowekwe kwanza katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo kioshwe. Nia ilikuwa njema: ilikuwa kumlinda anayeosha dhidi ya virusi vinavyoenezwa kwa damu. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kusafisha na kutakasa vifaa tiba, uliotolewa mwaka 2016, unasema wazi kwamba kuloweka vifaa katika kipukusi kabla ya kuviosha hakupendekezwi, na sababu zake mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye sinki anaweza kuzithibitisha. Klorini hula chuma. Damu na majimaji ya mwili huipunguzia klorini nguvu, hivyo ndoo iliyokwisha kupokea seti tatu tangu asubuhi haina tena nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake, na yenyewe inaweza kugeuka kuwa chanzo cha uchafuzi. Kuibeba kutoka chumba hadi chumba ni hatari kwa anayeibeba. Tena, kuvizoeza vijidudu dawa iliyopungua nguvu kunaweza kuchangia kuvifanya visugu. Nami naongeza sababu yangu mwenyewe, niliyoiona kwa miaka yote hii: ndoo ya klorini humpa mtu utulivu asiostahili kuwa nao. Akishaloweka huona sehemu kubwa ya kazi imekwisha, na brashi hupita juujuu.

Kinachomlinda anayeosha ni mavazi yake na chanjo yake. Anahitaji glovu nzito za mpira zinazopanda juu ya vifundo vya mikono, aproni isiyopenya maji, kinga ya uso mzima na viatu vilivyofunika miguu, na awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika 1,000. Kwa virusi vya homa ya ini aina ya B, kwa ambaye hakuchanjwa, unaweza kufika hata 300 katika 1,000. Tarakimu hizo mbili zingefaa kubandikwa ukutani juu ya kila sinki la kuoshea vifaa.

Kuosha kwenyewe ni ufundi. Mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza mwaka 1959 kwamba usafishaji wa aina yoyote hutegemea mambo manne, yaani dawa, joto, muda na nguvu ya kusugua, na kwamba ukipunguza moja huna budi kuongeza jingine. Mahali pengi nilipopita tulipunguza yote manne kwa mpigo. Maji ya kwanza yawe ya baridi au ya uvuguvugu, yasizidi nyuzijoto 45, kwa sababu maji ya moto huigandisha ile protini niliyoitaja; bado nakutana na wauguzi wenye bidii wanaovimwagia vifaa maji yanayotokota wakiamini kwamba wanasaidia. Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya upasuaji, isiyoelemea kwenye asidi wala kwenye alkali, na kama ina vimeng'enya vya kuyeyushia damu na mafuta, ipimwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake na ipewe dakika zake zote. Sabuni ya kufulia huacha utando juu ya chuma, na sufi ya chuma na unga wa kusugulia hukikwaruza, na kila mkwaruzo ni mahali papya pa uchafu kujificha.

Kila bawaba ifunguliwe. Brashi iwe ya nailoni laini, na kusugua kufanyike chini ya maji ili matone yasiruke hewani na usoni. Kwa kifaa chenye tundu, brashi iwe na unene wa tundu lenyewe na ipite mpaka itokeze upande wa pili, na ikitokeza na uchafu irudiwe mpaka itokeze safi. Brashi nyembamba hupita katikati bila kugusa kuta, na iliyo nene huishia njiani. Brashi zenyewe nazo zioshwe na kupukuswa kila siku, jambo ambalo nimeliona likifanyika mara chache mno. Kisha ni kusuuza kwa maji mengi yanayotiririka, na mara ya mwisho, inapowezekana, kwa maji yaliyoondolewa chumvi, kwa maana madoa mengi tunayoyalalamikia baada ya otoklevu ni madini ya maji ya bomba yaliyokaukia juu ya chuma. Mwisho ni kukausha. Kifaa chenye maji humaliza mzunguko wa mashine kikiwa ndani ya kifurushi kilicholowa, na kifurushi kilicholowa hakihesabiwi kuwa kimetakasika, viashiria viseme vitakavyosema.

Baada ya hapo huja hatua ambayo mimi naipenda kuliko zote na ambayo wanafunzi huiruka kuliko zote, nayo ni kukaa chini penye mwanga mkali, ukiwa na lenzi ya kukuzia, na kukitazama kifaa kimoja baada ya kingine. Yatazamwe meno ya kibanio, bawaba, na maungio ya skrubu. Mkasi hujaribiwa kwa kukata. Kishikio cha sindano hujaribiwa kwa kubana sindano na kuona kama inazunguka. Kibanio cha mishipa hufungwa jino la kwanza na kugongwa taratibu kwenye kiganja kuona kama kitajifungua chenyewe. Chenye doa kirudi kwenye sinki. Chenye kutu au ufa kitolewe, hata kama seti itabaki pungufu mpaka kipatikane kingine. Bawaba hulainishwa kwa kilainishi kinachoyeyuka katika maji, kamwe si kwa mafuta ya mashine, kwa sababu mvuke haupenyi mafuta. Mwanafunzi aliyefanya kazi hii kwa wiki mbili mfululizo hubadilika hata namna anavyokishika kifaa mezani: huacha kuvitupa vifaa kwenye trei, huacha kuutumia mkasi wa nyama kukatia nyuzi, huacha kulundika vizito juu ya vyepesi. Inafaa wajue pia kwamba mpaka miaka ya 1880 visu vingi vya upasuaji vilikuwa na mipini ya mbao au ya pembe za ndovu, mingine imechongwa nakshi, na mipini ya aina hiyo iliachwa kwa kuwa haikustahimili joto la kutakasa. Vifaa tulivyo navyo leo ni vya chuma kitupu kilicholainishwa, na vilipewa umbo hilo ili viweze kusafishwa.

Kuhusu kufunga vifurushi na kupakia mashine nitasema kidogo, kwa kuwa hayo angalau hufundishwa. Vifaa vifungwe vikiwa wazi, vizito viwe chini, seti isizidi takriban kilo 11, na vifurushi visibanane ndani ya mashine, maana mvuke unahitaji njia. Lililo kubwa zaidi ni muuguzi aelewe kila kiashiria kinamwambia nini. Utepe wa nje huonyesha kwamba kifurushi kimepitia kwenye mashine, basi. Karatasi ya kiashiria inayowekwa katikati ya seti huonyesha kama mvuke na joto vilifika pale. Jaribio la Bowie na Dick, lililochapishwa mwaka 1963, hufanywa kila siku kabla ya kazi kuanza, chumba cha mashine kikiwa hakina vifaa vingine, ili kuthibitisha kwamba hewa inafyonzwa. Na kichupa chenye spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili sana joto la mvuke, ndicho ushahidi wa moja kwa moja kwamba mashine inaua. Lakini hakuna hata kimoja kati ya viashiria hivyo vinne kinachosema kama kifaa kilikuwa safi kilipoingia. Utepe wa kifurushi changu ulikuwa mweusi kabisa.

Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, inaitaka timu yote isimame kabla ngozi ya mgonjwa haijakatwa, na moja ya maswali yake huelekezwa kwa wauguzi: je, imethibitishwa kwamba vifaa vimetakasika, pamoja na matokeo ya viashiria? Muuguzi hujibu kwa sauti, mbele ya wote, kwamba ndiyo. Ni jibu zito, na mara nyingi hutoka kwenye utepe peke yake. Mwaka 2016 shirika hilohilo lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Si haki kuvibebesha vifaa mzigo huo wote. Mikono ya watoa huduma, ngozi ya mgonjwa, hali ya afya yake na wakati wa kupewa dawa za kuzuia maambukizi vina sehemu yake. Ila vifaa ni sehemu ambayo mgonjwa hana mchango wowote ndani yake. Ni sisi tu.

Najua nitajibiwa kwamba kazi hii si ya muuguzi, ni ya mafundi wa kitengo kikuu cha utakasaji. Pale penye kitengo cha namna hiyo, chenye mafundi waliosomea kazi, nakubali kabisa kwamba wao ndio wenye ujuzi mkubwa zaidi na kwamba muuguzi hapaswi kuwafanyia kazi yao. Lakini vipo vituo vingi visivyo na kitengo hicho, ambako muuguzi yuleyule ndiye anayesaidia upasuaji, ndiye anayeosha, ndiye anayefunga na ndiye anayewasha mashine. Na hata penye mafundi hodari, dakika za mwanzo ni za muuguzi, na fundi akipokea mrija uliokwisha kukaukiwa damu ndani hupokea kazi iliyoharibiwa na mtu mwingine. Mwishoni tena muuguzi ndiye anayeifungua seti na kuipanga mezani kabla daktari hajanyoosha mkono.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe. Wanafunzi wengi niliowapokea walikuwa wamefundishwa jambo hili kwa kipindi kimoja au viwili, darasani, ndani ya mada ya kuzuia maambukizi, na walikuwa wametahiniwa kwa maswali ya kuchagua jibu: joto gani, dakika ngapi. Mwanafunzi huandika 121 na 15, akapata alama zake, na hajawahi kufungua bawaba ya kibanio. Akija kwetu huiga anachokiona, na anachokiona hutegemea kama siku hiyo kuna watu wa kutosha.

Ninachokiomba kwa vyuo na kwa wanaoandaa mitaala ni mtihani wa mikono. Mwanafunzi apewe seti iliyopakwa damu ya bandia na kuachwa ikauke kwa saa nzima, apewe sinki, sabuni, na brashi za unene mbalimbali ambazo si zote zinafaa, aoshe mbele ya msimamizi bila kusaidiwa, kisha vifaa vyake vikaguliwe kwa lenzi na kwa kipimo cha kemikali kinachobadilika rangi kikikuta mabaki ya protini. Vipimo hivyo vipo na ni rahisi kutumia. Nilipolijaribu zoezi hili kwa mara ya kwanza, seti zilizopendeza kwa macho zilibadilisha rangi karibu zote, na ukimya uliofuata chumbani uliwafundisha wanafunzi wale kuliko maelezo yote niliyokuwa nimewapa. Mmoja aliomba aoshe tena palepale. Mtihani huo urudiwe kila mwaka kazini, nasi wakongwe tuwemo, kwa kuwa sisi ndio tunaoigwa. Na maelekezo ya mtengenezaji wa kila kifaa, ambayo husema kinatenganishwa vipi na kinastahimili dawa gani, yawekwe juu ya sinki kwa lugha anayoisoma anayeosha, yasifungiwe katika kabati la ofisi.

Muuguzi aliyefundishwa hivyo asikilizwe pia anaposema kwamba kuna kasoro. Mwaka 2004, katika hospitali mbili nchini Marekani, mapipa yaliyokuwa ya sabuni yalijazwa mafuta yaliyokwisha kutumika ya mitambo ya lifti, yakarudi kimakosa kama mapipa ya sabuni, na vifaa vilivyotumika kwa wagonjwa wapatao 3,800 vikaoshwa kwa mafuta hayo kabla ya kuingizwa kwenye mvuke. Wafanyakazi walikuwa wamelalamika kwamba vifaa vinateleza, lakini wiki kadhaa zilipita kabla ya chanzo kugunduliwa. Mkono uliozoea kifaa safi ndio uliotoa taarifa ya kwanza.

Sitaki nionekane kana kwamba naamini mafunzo peke yake yatatosha. Chumba chenye seti mbili za upasuaji wa uzazi na akina mama watano wanaosubiri kitaosha kwa haraka hata kama wauguzi wake wote wamehitimu vizuri, kwa sababu kuosha, kukausha, kukagua, kufunga, kutakasa na kupoza seti moja ni kazi ya saa kadhaa, na saa hizo haziandikwi popote kwenye ratiba ya upasuaji. Ziandikwe. Aliyepangiwa kuosha asiitwe katikati ya kazi kwenda kusaidia wodini. Na wakuu wa hospitali wanaofikiria kununua otoklevu nyingine, kabla ya kutia saini, ningewaomba wavae aproni wakasimame kwa saa moja kando ya sinki wakati seti za asubuhi zinarudi, wahesabu brashi zilizopo, wapime joto la maji, na wamwulize anayeosha ni nani aliyemfundisha.

Wako,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji